Kuchagua sailensa ya pikapu ya dizeli: maswali tunayoulizwa gereji, Kigoma

Wanaotuletea pikapu hapa Mwanga wengi ni watu wa kazi: wanabeba mawese, dagaa wa Kibirizi, chumvi ya Uvinza, saruji ya kwenda Kasulu na Kibondo. Maswali yao kuhusu sailensa yanafanana, kwa hiyo tumeyaweka hapa ili mtu ayasome kabla hajatoa hela. Tunazungumzia sailensa ya kununua dukani au ya kutengenezewa na fundi, siyo ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Linaloulizwa zaidi liko juu. Mengine yamefuata tu yalivyotujia.

Nikifunga sailensa ya sipoti, gari litaongeza nguvu?

Ukibadilisha sailensa peke yake, nguvu utakayopata ni ndogo kiasi kwamba ukiwa na mzigo hutaisikia. Ekzosi, yaani njia yote ya moshi kutoka injini hadi nje, hupitisha moshi kwa kipimo cha sehemu yake iliyobana kuliko zote. Kama bomba linalotoka kwenye injini ni jembamba na kona zake zimebonyea, kufunga kopo pana kule nyuma ni sawa na kupanua mlango wa uani wakati wa mbele umefungwa.

Injini yenye tabo, yaani feni inayoisukumia injini hewa, ina habari yake. Chukua injini ya 1KD ya Hilux, cc 2,982, au 4JJ1 ya D-Max, cc 2,999. Tabo huzungushwa na moshi wenyewe, na huzunguka vizuri pale moshi unapokuwa na msukumo mkubwa kabla ya tabo na mdogo baada yake. Ukiifungua njia yote kuanzia tabo hadi nje, tabo huamka mapema na joto la moshi hupungua unapopanda mlima na mzigo. Lakini hapo umebadilisha ekzosi nzima, na gharama ni ya ekzosi nzima. Anayekuuzia kopo moja na kukuahidi mbio anakuuzia sauti.

Injini ya 1HZ ya Land Cruiser mkonga (lile lenye bomba la hewa lililopanda kando ya kioo), cc 4,164, silinda sita, haina tabo. Hiyo itafutie sailensa ya kutuliza na kudumu. Mbio siyo kazi yake.

Na kama gari limepungua nguvu hivi karibuni na linatoa moshi mweusi, usianzie kwenye sailensa. Angalia chujio la hewa kwanza, vumbi la barabara zetu unalijua. Kisha nozeli. Kisha mipira ya tabo kama imepasuka au imechomoka.

Nimeambiwa injini lazima iwe na kizuizi kidogo kwenye ekzosi, la sivyo itaharibika. Kweli?

Kwa dizeli, hapana. Kizuizi hakiisaidii chochote. Kinachoharibu ni ekzosi iliyoziba, kwa sababu joto linabaki ndani na gari linakula mafuta zaidi.

Kuna aina ngapi, na mimi nichukue ipi?

Ziko nyingi dukani, ila ukizipasua ndani utakuta mbili.

Ya kwanza ina vyumba. Moshi unaingia, unakutana na ukuta wa bati, unageuka, unapita kwenye matundu, unageuka tena, ndipo unatoka. Sauti inagongana yenyewe kwa yenyewe mle ndani na kuisha nguvu. Hii ndiyo ya kiwandani kwa pikapu nyingi. Ni tulivu, haina kitu cha kuungua ndani, na inavumilia masizi. Ubaya wake ni kwamba zile kuta zikilika kutu huachia, na utasikia mlio wa kopo lenye kokoto. Ukuta ukianguka vibaya unaweza kuziba njia, na gari likawa halivuti kabisa huku wewe unatafuta ubovu kwenye pampu.

Ya pili ni ya kupita moja kwa moja. Ndani kuna bomba lenye matundu, na kati ya bomba hilo na ganda la nje kumeshindiliwa pamba ya nyuzi za kioo au za chuma. Moshi unapita bila kona, sauti inanywewa na ile pamba. Haibani, lakini pamba hupeperuka kidogo kidogo na kushika masizi, hivyo sailensa iliyokuwa tulivu siku ya kwanza huwa na mdomo mkubwa baadaye. Ukinunua hii, uliza kama bomba lenye matundu limezungushiwa nyavu za chuma kabla ya pamba kushindiliwa. Zilizozungushiwa hudumu zaidi. Muuzaji akikosa jibu, hilo nalo ni jibu.

Maoni yetu: kwa gari la zamani lisilo na tabo, kama Hilux ya injini ya 3L au 5L, au mkonga wa 1HZ, chukua ya vyumba, kopo kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Kwa gari la tabo, ya kupita moja kwa moja inafaa, kwa kuwa tabo yenyewe imeshapunguza sehemu ya mlio kabla moshi haujafika kwenye sailensa. Ila chukua yenye mwili mrefu. Zile fupi kama kopo la maziwa waachie vijana.

Nitajuaje upana wa bomba langu bila vifaa?

Uzi na rula vinatosha. Zungushia uzi bomba mara moja pale lilipo duara safi, weka alama, kisha pima urefu wa uzi. Ukipata sentimita 16, bomba ni la inchi 2. Sentimita 20 ni inchi 2 na nusu. Sentimita 24 ni inchi 3. Hicho ni kipimo cha nje, na sailensa nyingi za dukani husoma kipimo cha ndani cha mdomo wake, kwa maana kwamba mdomo wa inchi 2 na nusu unaingia juu ya bomba la inchi 2 na nusu. Zipo zinazosoma kinyume, kwa hiyo njoo na uzi wako dukani, upime na mdomo.

Usipime kwenye kona. Kona za bomba lililokunjwa kwa mashine duni hubonyea, na kipimo kitakudanganya.

Je, uongeze upana? Kwa injini ya tabo ya cc 2,500 hadi 3,000, inchi 2 na nusu inatosha, na inchi 3 ni pana vya kutosha hata kwa anayebeba mzigo mzito milimani. Kwa isiyo na tabo, baki na upana wa kiwandani au ongeza kidogo sana.

Chuma gani ni kizuri?

Hapa ndipo pesa yako inapofia au kupona, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chuma cheusi cha kawaida ni rahisi kuchomelea na ni rahisi kuliwa. Rangi yake nyeusi ya dukani inaungua safari ya kwanza, na kutu inaanza.

Bati la chuma lililopakwa aluminiamu lina rangi ya majivu inayong'aa kwa mbali. Linavumilia joto na unyevu vizuri zaidi kwa bei isiyoumiza. Udhaifu wake ni pale fundi alipochomelea: moto umeondoa ile aluminiamu, na kutu itaanzia hapo hapo. Mwambie fundi apake rangi ya kuvumilia joto kwenye kila mshono, ndani ya siku ile ile.

Stenlesi ziko za namna mbili zinazofika huku. Ya 409 ina kromiamu karibu asilimia 11. Itabadilika rangi ya kahawia kwa nje ukadhani imeoza, kumbe ndani ni nzima. Ya 304 ina kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8, na hiyo ndiyo ngumu kwa kutu. Njoo na sumaku ndogo, hata ya kwenye spika mbovu. 409 inanasa sumaku vizuri. 304 hainasi, au inanasa kwa uvivu sana. Ukiambiwa ni 304 na sumaku imeganda, mrudishie muuzaji sailensa yake kwa adabu.

Kuna wanaotumia bomba la maji lililopakwa zinki kwa sababu linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Tusilifanye. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na fundi anapolichomelea hutoa moshi mweupe wa zinki unaomletea homa na kifua kubana usiku ule. Fundi wako akisema ameshazoea, wewe usikubali kwa niaba ya mapafu yake.

Sailensa yangu imetoboka na sijawahi kuigonga popote. Kwa nini?

Imeliwa kutoka ndani. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Ekzosi ikipata moto wa kutosha, mvuke wote unatoka nje. Ukifanya safari fupi fupi, Mwanga hadi Gungu, Gungu hadi Bangwe, unazima, unawasha, ekzosi haijawahi kupata joto, mvuke unageuka maji na kutulia chini ya kopo. Salfa iliyo kwenye dizeli inachanganyika na maji hayo na kuyafanya yawe na tindikali. Bati linaliwa kimya kimya.

Sailensa nzuri huwa na tundu dogo sana upande wa chini, kwa ajili ya maji hayo kutoka. Wateja huwa wanatuletea wakitaka tulizibe. Hatuzibi. Unachopaswa kuangalia ni kwamba tundu hilo limeangalia chini baada ya kufungwa, maana tumeshaona sailensa zilizofungwa kichwa chini tundu likiangalia mbinguni.

Mimi nabeba chumvi ya Uvinza. Kuna la ziada?

Lipo. Chumvi inayomwagika kwenye bodi huchuruzika na maji ya mvua hadi kwenye ekzosi, na hapo chuma cheusi hakina maisha. Kwako stenlesi siyo anasa. Osha chini ya gari kwa maji safi kila baada ya mzigo, gari likiwa limepoa, na usisahau vishikizo na boliti, kwa kuwa mara nyingi boliti hufa kabla ya kopo. Na usiendeshe gari ndani ya ziwa kuliosha. Watu wanachota maji ya kunywa pale.

Wa dagaa na samaki wa barafu shida yao ni unyevu usiokauka. Wa mawese hawana shida ya kutu, ila mafuta yakidondokea ekzosi ya moto gari zima linanukia jikoni, na abiria wanaanza kuuliza mtakula wapi.

Gari langu ni la kisasa na lina kopo nene karibu na injini. Nilitoe niweke sailensa?

Simama kwanza. Kama kopo hilo lina vibomba viwili vyembamba na nyaya za sensa, huenda ni DPF, yaani chujio la masizi. Linashika masizi na kuyachoma lenyewe joto likifika kama nyuzi 600. Kompyuta ya gari inalisoma muda wote. Ukilitoa na kuweka bomba, taa itawaka na gari linaweza kujipunguzia nguvu lenyewe, usipande hata kilima cha Ujiji.

DPF zikiziba mara nyingi sababu ni safari fupi. Safari ndefu ya mwendo usiokatika husaidia, na ikishindikana kuna kulisafisha kwa vifaa vyake. Sailensa ibadilishe ile ya nyuma yake tu. Masega, yaani katalisti ya kusafisha moshi, nayo hivyo hivyo, yaache.

Nikifika mwendo fulani ndani ya kibanda kunavuma mpaka kichwa kinauma.

Huo ni mvumo, na unasumbua zaidi kuliko kelele kubwa. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika hutoa milipuko kama 67 kwa sekunde. Huo ni mlio mzito wa chini, na kama urefu wa bomba na ukubwa wa kibanda vimekubaliana nao, kibanda chote kinaitikia. Ndiyo maana ukiongeza au kupunguza mwendo kidogo unakata.

Kabla ya kununua kitu, lala chini uangalie kama ekzosi inagusa chasisi, bodi au ganda la kukinga joto. Alama ya mkwaruzo unaong'aa itakuonyesha. Ikigusa, umepata ugonjwa. Isipogusa, dawa ni kuongeza kopo dogo la pili katikati ya bomba, au kuhamisha sailensa mbele au nyuma kidogo. Kubadilisha sailensa kwa nyingine ya aina ile ile hakutakusaidia.

Kwa nini ekzosi yangu inapasuka kila mara sehemu ile ile?

Tazama inavyoning'inia. Mzee mmoja wa Buhigwe alikuja na Hilux na dereva wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana huyu ananiambia sailensa imekufa tena. Sailensa gani inakufa kila mvua?"

Tukaingia chini. Sailensa ilikuwa nzima. Fundi wa awali alichukua kipande cha nondo, upande mmoja akauchomelea kwenye chasisi, upande wa pili kwenye bomba. Ilikuwa imara kweli kweli, na hapo ndipo tatizo lilipo. Injini inakaa juu ya mipira na inatikisika kila unapokanyaga mafuta. Ekzosi imefungwa kwenye injini, kwa hiyo lazima itikisike nayo. Ukiishika kwa nondo, kitu kimoja kitakubali kuvunjika, na kwa mzee huyu ilikuwa shingo ya bomba mbele ya flanji (sahani ya kuungia mabomba kwa boliti), ufa wenye masizi meusi pembeni kama wanja. Tulikata nondo, tukaweka mipira ya ekzosi na kipande cha fleksi, yaani bomba linalonepa, baada ya bomba la mbele. Sailensa ile ile ikarudi.

Kwa hiyo ukipigiwa hesabu ya sailensa, uliza na mipira. Fundi asiyeitaja mipira atakuona tena. Na asichomelee chochote kwenye chasisi yenyewe: atumie matundu na vishikizo vilivyopo.

Bomba litokee wapi?

Lipite tairi la nyuma na litokeze nje ya bodi. Bomba linaloishia chini ya bodi linapuliza moshi kwa waliokaa nyuma, na huku kwetu nyuma ya pikapu huwa hakukosi mtu, iwe inaruhusiwa au hairuhusiwi. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtoto aliyelala kwenye gunia hadi Kakonko anauvuta safari nzima.

Weka nafasi ya vidole vitatu au zaidi kati ya ekzosi na mpira wa breki, tenki, na tairi la spea. Mahali penye nafasi finyu weka bati la kukinga joto.

Je, nikitoa sailensa kabisa nikaacha bomba tupu?

Usifanye hivyo. Trafiki ana haki ya kulikagua gari chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na kelele zinaguswa pia na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tukiacha sheria, wewe ndiye unayekaa mbele ya huo mlio saa nzima, na masikio hayana spea.

Nitavuka maji. Ekzosi ifanywe nini?

Mkonga, lile bomba la hewa la kando ya kioo, unalinda njia ya hewa ya kuingia, hauhusiki na ekzosi. Injini ikiwa inafanya kazi, moshi unasukuma maji yasiingie, kwa hiyo usiachie mafuta na usizime ukiwa katikati. Ikizima mdomo wa bomba ukiwa chini ya maji, usikimbilie kuwasha: livute gari nje kwanza, mwite fundi aangalie kama maji yamepanda. Baada ya kuvuka salama, endesha mpaka ekzosi ipate moto ili unyevu utoke. Sailensa iliyotoka kwenye moto mkali ikaingia ghafla kwenye maji baridi hupasuka mishono, kwa hiyo subiri kidogo ukingoni.

Sailensa ya mtumba ina ubaya?

Ya gari lako hasa, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa mbele, inaweza kuwa bora kuliko mpya nyepesi. Itikise: ikitoa mlio wa vitu vinavyocheza, iache. Ipime mkononi kwa uzito ukilinganisha na nyingine. Bonyeza upande wa chini na mishono kwa ncha ya bisibisi. Mulika ndani kwa tochi ya simu. Iliyopakwa rangi mpya inayong'aa, ikwangue.

Fundi atachomelea ikiwa kwenye gari. Nina cha kuogopa?

Kwenye gari lenye kompyuta, chomoa waya wa hasi wa betri kwanza, na waya wa ardhi wa mashine ubanwe kwenye bomba lenyewe karibu na mshono, siyo kwenye bampa. Afunike mipira ya breki na nyaya. Ndoo ya maji au mchanga iwe karibu. Tunapenda kushika kwa nukta chache gari likiwa limefungwa, kisha tunashusha bomba na kumalizia chini, mshono unazunguka wote.

Ekzosi mpya itatoa moshi na harufu mwanzoni. Ni mafuta ya kiwandani na rangi vinaungua, visikutishe. Rudi baada ya siku chache boliti zikazwe.

Nyasi kavu zina hatari gani?

Kubwa, hasa kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza. Ukipita njia za porini kuelekea Nguruka, nyasi hunasa juu ya ekzosi na kwenye bati la kukinga joto. Simama mara moja moja uzitoe kwa kijiti, gari likiwa kwenye ardhi tupu. Usiegeshe juu ya nyasi ndefu ukitoka kupanda mlima.

Bei ni kiasi gani?

Inategemea chuma, upana na kona ngapi, na vingi vinatoka Dar es Salaam kwa basi au lori. Tutakupa hesabu baada ya kuona chini ya gari. Kwenye hesabu yoyote, yetu au ya mwingine, taka itenganishwe: sailensa, bomba, fleksi, mipira, klampu, ufundi.

Nilete gari saa ngapi?

Saa mbili asubuhi, injini ikiwa imepoa. Ekzosi ya moto hatuigusi, na ukija saa sita umetoka Kasulu utakaa kivulini kusubiri. Shusha mzigo kwanza. Kama una boliti zilizoganda kwa kutu, zinyunyizie mafuta ya kulegeza usiku uliotangulia. Itakupunguzia gharama ya kuzikata.